Maiti Anayeamka Mchana

Mjomba wako akiwa jirani yako, sawa. Akiwa mwalimu wako, sawa pia, utavumilia. Lakini akiwa mwenzako wa meza moja maabara, mnapokezana pipeti ya kuchotea dawa na kuandika ripoti moja, hapo ndipo utakapojua kwamba heshima ni kazi ngumu kuliko kemia yote uliyowahi kusoma.

Mimi yalinikuta mwaka wa mwisho wa chuo. Mjomba ni kitinda mimba wa bibi, mdogo wake mama wa mwisho, na ananizidi miaka michache tu. Baba alipofariki, yeye aliacha masomo akaenda kupakia na kupakua mizigo ghalani ili mama asihangaike peke yake na sisi watoto. Tulipokua akarudi shule bila kumwonea mtu haya, akapanda, akapanda, mpaka akajikuta chuoni darasa moja na mpwa wake. Wenzetu walipogundua, walicheka hadi wakashika mbavu. Kila asubuhi walikuwa wakinyamaza makusudi nikiingia, wasikie ninavyoweka mkoba chini na kusema, "Shikamoo, Mjomba," naye aniitikie marahaba huku anapanga tyubu zake. Halafu ndipo tunavaa makoti meupe na kuanza kazi.

Sasa nikueleze tulivyo. Mimi ni mtu wa moto. Kusubiri sikujui. Chai inaniunguza ulimi kila siku ya Mungu na kesho yake nairudia vilevile. Lifti ikichelewa, napanda ngazi huku naisema. Mjomba yeye hana haraka na dunia hii. Ukimwambia jambo anasema, "Tutaliangalia," na kweli ataliangalia, ila wewe utakuwa umeshaota mvi. Darasani walimbatiza Bwana Baadaye, naye jina akalipokea kwa mikono miwili, hata kwenye koti lake akaliandika kwa kalamu nyeusi. Mimi walinipa jina Kiberiti. Hilo sikuliandika popote.

Nyumbani nikijaribu kumlalamikia, mama hataki kusikia. Ananiambia huyo ni mjomba wangu, ulimi niuweke ndani, na kama Mjomba ana polepole yake basi ni yake, hakuiomba kwa mtu. Nikasema haya.

Utafiti wetu ulikuwa wa figili. Usicheke. Ndani ya figili, na ndani ya mboga nyingi, mna kitu kinaitwa kimeng'enya, na kazi yake ni kuharakisha mambo ndani ya kiumbe chenye uhai. Kuna kimeng'enya kimoja ambacho ukikichanganya na dawa mbili zisizo na rangi, mchanganyiko unageuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Ndicho hichohicho kinachochangia mboga zilizogandishwa kupoteza ladha na kunuka kama majani makuukuu, ndiyo maana wanaogandisha mboga huzichemsha kidogo kwanza ili kukiua. Sisi tulipewa kutafuta ni moto wa kiasi gani unaokiua kile cha figili. Unasaga figili, unachuja maji yake, unayagawa kwenye tyubu, kila tyubu unaipa moto wake kwenye beseni la umeme, kisha unatia dawa na kutazama rangi. Kuna mashine ya kuipima rangi yenyewe, lakini ukweli hata macho yanatosha.

Katika kazi za namna hii lazima iwepo tyubu moja iliyochemshwa mpaka kimeng'enya kife kabisa. Hiyo ukiitia dawa, inatakiwa ibaki nyeupe kama maji ya bomba. Ikipata rangi, umekwisha, kwa sababu maana yake rangi yako inatoka kwingine, labda kwenye uchafu, labda kwenye uzembe, na hakuna atakayeziamini tyubu zako nyingine. Sisi wanafunzi tulikuwa tunaiita maiti. Utasikia mtu anauliza upande wa pili wa maabara, "Maiti wako anaendeleaje?" naye mwenzake anajibu, "Ametulia." Mgeni akipita mlangoni anaongeza mwendo.

Basi maiti wangu walitulia. Kila nilipofanya jaribio zamu yangu, tyubu ya maiti ilikuwa maji matupu. Zamu ya Mjomba, maiti wake anaamka. Rangi ya chai, waziwazi, wala huhitaji mashine. Figili zilezile, nimezisaga mimi mwenyewe. Dawa zilezile, beseni lilelile. Mimi maji, yeye chai. Tukarudia. Mimi maji, yeye chai tena.

Wenzetu walifurahi sana. Wakawa wanampa Mjomba pole ya msiba ulioahirishwa. Kuna mmoja alimwomba amfufulie simu yake iliyoanguka chooni. Mjomba anacheka nao, anasema tutaiangalia. Mimi nimekaa pembeni, damu inachemka kuliko lile beseni.

Unajua ningekuwa na mwenzangu wa kawaida, ningemwambia kitu kikamwingia. Mjomba huwezi. Nilianza kwa adabu, nikamuuliza kama kweli maji yalikuwa yamefika kuchemka. Akasema yalichemka. Nikamuuliza kama pipeti aliibadilisha kichwa. Alikibadilisha. Nikamuuliza, samahani Mjomba, kama labda, kwa bahati mbaya tu, alichanganya tyubu mbichi na ya maiti. Akaniangalia kwa upole, akasema yeye amepakia magunia miaka mingi na hajawahi kulipeleka la sukari kwenye lori la saruji. Nikarudi kwenye tyubu zangu, lakini moyoni niliendelea kusema.

Msimamizi wetu tulimwita Mama Rudia, kwa sababu ukimpelekea jambo lolote, zuri au baya, jibu lake ni hilo moja. Mwanamke mfupi, miwani iko kichwani muda wote huku anaitafuta mezani. Tulipompelekea matokeo yetu, aliyatazama, akasema turudie. Tukarudia. Mimi maji, yeye chai. Safari hii hakusema turudie. Alivua miwani kutoka kichwani, akaivaa, nikajua mambo yameharibika.

Alisema Ijumaa anafunga majina ya watakaowasilisha tafiti zao mbele ya jopo, na kwamba meza moja haiwezi kuleta majibu mawili. Ama tukubaliane na jibu moja lenye ushahidi, ama hatutawasilisha. Akamgeukia Mjomba na sauti yake ikashuka. Wote watatu tulijua anachofikiria. Mwaka uliopita Mjomba alipewa utafiti wake, akaugua katikati, hakuumaliza. Kanuni ya chuo ilikuwa kwamba anayekosa kuwasilisha mara mbili, basi, anafunga virago. Mimi ningeweza kusubiri mwaka, nikanuna, nikarudi. Mjomba asingerudi.

Tulipotoka, Mama Rudia aliniita peke yangu. Akaniambia matokeo yangu yamenyooka, na kama nataka, naweza kuyaandika kama yangu mwenyewe, nikaomba kutengwa na mwenzangu. Yeye angeniruhusu. Hakunishawishi wala hakunizuia. Alisema nifikirie.

Nisikudanganye, nilifikiria. Nilifikiria njia nzima ya kurudi nyumbani, na kadiri nilivyofikiria ndivyo nilivyozidi kumkasirikia Mjomba, kwa nini anaboronga kitu chepesi hivi, kuchemsha tu, mtu mzima anashindwa kuchemsha. Nilimkuta yupo kwetu, amekaa jikoni anamenya vitunguu kwa ajili ya mama, kimoja baada ya kingine, maganda kayapanga kama noti. Mama alikuwa nje anaanua nguo. Kabla sijafungua mdomo, akasema.

"Mama Rudia amekuita. Najua alichokuambia, hata mimi ningekuambia hivyo. Andika yako, mpwa wangu. Mimi ghalani hawajanisahau."

Alisema hivyo bila kuinua sauti, halafu akachukua kitunguu kingine. Mimi machozi yakanijaa, na kwa bahati vitunguu vilikuwepo pale kunisitiri. Niliona uchungu, na nilipoona uchungu nikakasirika mara mbili. Nikamwambia siandiki kitu. Nikamwambia kesho asubuhi atafanya jaribio lake mimi nimesimama nyuma yake kama askari, tangu kusaga mpaka rangi, na kosa lake nitalikamata kwa mkono wangu, nilitoe, ripoti iwe moja, tuwasilishe. Akasema tutaliangalia. Nikamwambia hapana, Mjomba, hili hatuliangalii, hili tunalifanya.

Kesho yake nilisimama nyuma yake kweli. Macho yangu hayakupepesa. Ndugu yangu, kuna watu wanafanya kazi hadi unaona usingizi, lakini kosa hulioni. Alisaga. Alichuja mara mbili. Kila pipeti aliibadilisha kichwa na kile cha zamani akakiweka kwenye kopo kwa taratibu kana kwamba kinalala. Tyubu ya maiti akaiandika ubavuni na kwenye kifuniko. Beseni likachemka, mapovu haya hapa, akaizamisha, akaiangalia, akaitoa. Hapo nikamnyang'anya. Samahani, nikasema, Mjomba, nipe tone kidogo. Nikachota, nikatia dawa palepale. Maji matupu.

Niliruka. Nikamwambia umeona sasa, nikikusimamia unaweza. Nilikuwa na furaha iliyochanganyika na kiburi, nikaanza hata kupanga tutakavyoandika, kwamba majaribio ya mwanzo yalikuwa na dosari ya mkono, tumeirekebisha, yamekwisha. Mjomba hakuruka. Alishika ile tyubu juu ya mwanga, akasema lakini yeye hafanyi hivyo.

Nikamuuliza hafanyi vipi. Akasema yeye akishatoa kwenye moto huiacha kwanza mezani ipoe, anaenda kula, akirudi ndipo anatia dawa. Hapendi kutia dawa kwenye kitu cha moto. Nikamwambia kupoa ni kupoa na kufa ni kufa, aliyekufa hapoi akawa mzima. Akasema sawa, lakini amekuja kufanya jaribio lake, na jaribio lake lina chakula katikati.

Nikakubali, ila kwa masharti yangu, maana wazo baya lilikuwa limeniingia kwamba pengine kuna mtani wetu mmoja anatuchezea tyubu tukiwa nje. Nilitoa kila mtu kwenye chumba kidogo cha maabara tulimokuwa tunafanyia kazi, nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni mwangu, na mkono nikauacha humohumo. Tukaenda kula. Nilikaa kama nimekalia miiba. Sahani yangu iliisha kabla ya watu kunawa. Mjomba anatafuna, anameza, anamsalimia huyu, anamuuliza yule hali ya mtoto, anakunywa maji, anapumzika, anakunywa tena. Nikamwomba kwa heshima zote anyanyuke. Akanyanyuka kwa heshima zote, polepole.

Nikafungua mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe. Tyubu ilikuwa palepale, imepoa, haijaguswa. Mjomba akachota, akatia dawa, tukainama wote wawili. Kwanza maji. Halafu kikaingia kiwingu. Halafu ikaja rangi, ikapanda, ikakolea, mpaka tukawa tunatazama chai.

Niliinyanyua tyubu, nikasoma maandishi yake ubavuni. Tyubu ileile. Imechemshwa mbele yangu, nimeipima kwa mkono wangu ikiwa imekufa, nimeifungia chumbani, na sasa ni nzima. Hakuna aliyekosea. Mimi sikukosea na Mjomba hakukosea. Mimi nilikuwa naipima ingali na moto, kwa sababu siwezi kusubiri. Yeye alikuwa anaipima baada ya kula, kwa sababu hana haraka. Katikati ya haraka yangu na polepole yake, kimeng'enya kilichokunjuliwa na moto kilikuwa kinajikunja upya na kurudi kazini.

"Mjomba," nikamwambia, "hakifi. Kinazimia."

Akaniangalia, akaiangalia tyubu, akavuta kiti. Akasema tuliangalie hilo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona hilo ni neno la maana.

Mchana ule nilipata adhabu ambayo hakimu yeyote asingenipa. Ilibidi nikae. Tulichemsha tyubu mpya, tukaiacha mezani, na kila baada ya muda tunachota tone, tunatia dawa, tunapima. Mwanzo maji. Tunakaa. Kiwingu. Tunakaa. Nilitembea chumba kizima mpaka Mjomba akanipa kazi ya kuosha chupa safi ili nimwachie nafasi ya kupumua. Lakini rangi ilikuja, safari hii tukiiona inavyokuja, kila kipimo kimekolea kupita kilichotangulia. Na tyubu ya pili, tuliyoiacha kwenye moto muda mrefu zaidi, hiyo haikuamka, tuliisubiri mpaka jioni. Kumbe kufa kwa kweli kupo, ila kunataka moto mrefu kuliko tulivyodhani. Nilimkumbatia Mjomba na koti lake lote la Bwana Baadaye, dawa ikatumwagikia, hakuna aliyejali.

Ijumaa asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Mama Rudia kabla hajafungua ofisi. Nilieleza mimi, maana Mjomba angeeleza mpaka Jumatatu. Alisikiliza, akasema mnajua nitakachosema. Tukasema tunajua. Akaja nasi maabara, akachemsha mwenyewe kwa mkono wake, akapima palepale ikawa maji, kisha akaketi kwenye kiti kirefu cha maabara akakunja mikono. Wenzetu waliacha kazi zao wakasogea. Tulisubiri, mwanamke yule na wanafunzi wake, tunaitazama tyubu moja kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Alipochota tena na rangi ikaja, aliweka miwani kichwani akacheka kwa sauti.

Akasema jambo hili yeye alilisoma zamani akiwa mwanafunzi, kwamba vimeng'enya vya mboga fulani huweza kuzinduka baada ya moto mfupi, na amefundisha miaka yote hiyo akalisahau, kwa sababu kila mwanafunzi wake hupima haraka aende zake. Akasema mtu anayegandisha mboga akizichemsha kidogo akapima palepale, atafurahi, aziweke, na baadaye zitamgeuka. Kwa hiyo jibu letu si la kuona haya, jibu letu ndilo utafiti wenyewe. Kisha akauliza ni nani kati yetu aliyeliona.

Watu wote waliniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye msemaji. Na kweli, ningeweza kusema ni sisi.

"Aliliona Mjomba tangu siku ya kwanza," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwambia amekosea."

Mama Rudia alichukua fomu ya majina, akaandika jina la Mjomba kwanza na langu chini yake, akasaini. Alimwambia Mjomba ajiandae, jopo litamuuliza yeye, na ajibu kwa mwendo wake mwenyewe, wamsubiri. Maabara nzima ikapiga makofi. Yule wa simu ya chooni ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Mjomba alinishukuru kwa kichwa tu, akatoka kwenye korido, nikamwona anatoa simu. Anampigia dada yake, nani mwingine. Nikamwachia kidogo, halafu nikamfuata, kwa sababu sikusikia maneno. Nilimkuta amesimama ameegemea ukuta, simu iko sikioni, mabega yanatikisika, na sauti ya mama inatoka humo kwa ukali, inauliza kuna nini, inauliza amefanyiwa nini, inauliza mimi niko wapi. Mjomba alijaribu kusema, akashindwa, akaninyooshea simu.

Kabla sijasema halo, mama alinivaa. Alisema alijua tu, alijua ulimi wangu utamponza mdogo wake, mtu amebeba magunia miaka yote ile ili mimi nivae koti jeupe, leo nimemwacha nyuma. Nilimwacha aseme. Sikukasirika hata kidogo. Aliposimama kuvuta pumzi, nikamwambia.

"Mama, amepita. Analia kwa sababu anawasilisha, na jina lake ndilo la kwanza."

Mama akalirudia neno hilo, la kwanza. Halafu nikasikia mama naye anaanza, taratibu, kwikwi moja moja, kama mdogo wake. Basi nikabaki katikati yao na simu mkononi, huku mmoja analia ukutani na huku mwingine analia sikioni, watu wa tumbo moja. Sikumharakisha yeyote.